Darubini inazima gizani: tafuta kosa kabla hujanunua betri nyingine

Mota za darubini zikipungukiwa nguvu hubadilisha sauti kabla ya kuzima. Mlio mwembamba uliozoea kuusikia unakuwa mzito, taa nyekundu ya stendi, ile yenye mota inayobeba darubini, inaanza kupepesa, halafu rimoti inajiwasha upya na kukuuliza tarehe, saa na mahali ulipo kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Nyota zote ulizoilengeshea zimesahaulika.

Kwetu sisi tulio karibu na ikweta hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kutoka Dar es Salaam, ncha ya kusini ya anga, yaani mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka na ambapo stendi hulengwa ili izifuate, iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo wa macho, mara nyingi nyuma ya minazi au ndani ya ukungu wa chini. Nyota iliyo jirani na ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Ni ya ukubwa wa 5.4, kipimo cha mng'ao ambacho namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi, na macho ya mtu wa mjini hayaioni. Kuipanga stendi sawasawa kunaweza kukuchukua nusu saa au zaidi. Umeme ukikatika saa tano usiku, sehemu nzuri ya usiku imeondoka nao.

Wengi wakifikwa na hilo husema betri ni ndogo, wakaenda kununua kubwa zaidi. Nimeshuhudia mtu akibadilisha betri mara tatu, na muda wote kosa lilikuwa kwenye plagi. Kwa hiyo nakuomba uanze na dalili. Uwe na mita moja, hii ya mafundi redio ya bei nafuu inatosha, na ujifunze kuisoma ukiwa umeshika tochi mdomoni.

Inazima pale tu darubini inapogeuka kwa kasi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayopotosha watu. Darubini inafuata nyota vizuri hata saa nzima. Ukiiagiza ihame kutoka Msalaba wa Kusini kwenda upande wa pili wa anga, inanguruma kidogo na kuzima. Unapima betri: volti 12.6. Unasema betri ni nzima, basi stendi ndiyo mbovu. Au unasema betri imechoka. Yote mawili yanaweza kuwa si kweli.

Kosa ni kwamba umepima mahali pasipo sahihi na wakati usio sahihi. Stendi yangu ikifuata nyota inavuta ampea 0.6. Ikigeuka kwa kasi, mota zote mbili pamoja, inapanda hadi ampea 2.5. Hapo kila kilichopo kati ya betri na stendi kinatoza ushuru wake: waya, plagi, swichi, fyuzi. Pima kwenye ncha ya mwisho ya waya, ile inayoingia kwenye stendi, huku mwenzako akibonyeza rimoti mota zizunguke. Siku niliyofanya hivyo kwa mara ya kwanza, mita ilisoma 12.5 kwenye vichwa vya betri na 10.9 kwenye stendi. Volti 1.6 zilikuwa zinapotelea njiani. Stendi nyingi za volti 12 huanza kulalamika zikishuka chini ya 11.

Nusu ya hasara ilikuwa waya. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, urefu wa mita 5, una mita 10 za shaba ukihesabu kwenda na kurudi, na kwa ampea 2.5 unakula karibu volti 0.9. Waya ule ule ukiwa wa 2.5, huu wa kawaida unaouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya umeme wa nyumba, unakula chini ya volti 0.2. Ukiweza, fupisha: betri ikae chini ya miguu ya stendi, isikae kwenye buti la gari mita sita mbali.

Nusu ya pili ilikuwa plagi ya soketi ya sigara. Ichunguze kwa karibu. Ncha yake ni kipande kidogo cha chuma kinachosukumwa na springi, na pembeni kuna mabawa mawili membamba. Mguso wote wa umeme unategemea springi hiyo. Ukiugusa waya kwa mguu gizani, plagi inarudi nyuma milimita moja na umeme unakatika. Plagi yangu nilipoichomoa baada ya usiku mmoja ilikuwa ya moto, plastiki ya kuzunguka ncha imelainika na kubonyea upande mmoja, na ilinuka kama waya wa pasi unaoungua. Plagi inayopata joto ni plagi inayokula volti zako. Niliikata siku hiyo hiyo nikaweka zile za njano za XT60 wanazotumia watu wa droni, nikaziunga kwa risasi. Hazijanisumbua tangu hapo.

Kama mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe inashuka chini ya 11.5 mota zinapozunguka, hapo sasa betri ndiyo yenye kesi.

Inafanya kazi saa moja na nusu, kisha kimya

Betri inayoshukiwa hapa mara nyingi ni ile kavu ya UPS, volti 12 ampea-saa 7. Ni ya bei rahisi, inapatikana kila mji, na ndiyo wengi tumeanzia. Namba hiyo 7 ni ya kweli kwa sharti moja: umeipima ukivuta umeme kidogo kidogo kwa saa 20, yaani ampea 0.35. Ukivuta ampea 2 mfululizo hutapata saa tatu na nusu. Inakwisha mapema, kwa sababu betri za risasi hutoa kidogo zaidi kadiri unavyozivuta kwa nguvu. Halafu, ukitaka idumu, usiitumie zaidi ya nusu. Ukiziweka zote hizo pamoja, betri hiyo inakupa wati-saa 40 hivi za kutumia kwa amani. Stendi, kamera na mikanda miwili ya kupasha lenzi kuzuia umande vinakula wati 24. Gawanya mwenyewe.

Lakini kama betri hiyo hiyo mwaka jana ilifika usiku wa manane na mwaka huu haifiki, shida ni afya yake. Ichaji ijae, iache ipumzike usiku kucha bila kuunganishwa na chochote, kisha pima. Betri ya risasi iliyojaa na nzima husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.1 ujue iko nusu. Ikisoma 12.2 ilhali umetoka kuichaji, au ikisoma 12.7 lakini inaanguka mara tu unapowasha, mabamba yake yameota chumvi. Hiyo hutokea betri ikiachwa bila chaji kwa majuma, na betri nyingi za UPS zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimeondolewa kwenye ofisi zikiwa tayari katika hali hiyo. Hakuna dawa ya kuaminika. Usipoteze pesa kwa anayekuahidi kuifufua.

Betri kama hiyo ipeleke kwa wanaonunua betri chakavu, usiitupe jalalani. Ndani ni risasi na asidi.

Joto nalo lina sehemu yake. Betri ya risasi inayokaa kwenye nyuzi 35 inazeeka takriban mara mbili ya ile iliyokaa kwenye 25, na buti la gari lililoegeshwa juani Dar linapita hapo kwa urahisi.

Pawabanki inajizima ilhali ina chaji

Kuna sababu tatu hapa, na ni vyema kuzitenganisha.

Ya kwanza: pawabanki imetengenezwa kwa ajili ya simu. Simu ikijaa inaacha kuvuta umeme, na pawabanki inajizima. Kifaa kidogo, kama kifuata-nyota cha kamera au taa nyekundu ya kusomea ramani, kinavuta umeme mdogo sana hata pawabanki inadhani kazi imekwisha. Dalili yake ni kwamba inazima baada ya muda ule ule kila mara, mara nyingi nusu dakika hadi dakika mbili, hata ikiwa imejaa. Baadhi zina hali ya umeme mdogo unayoiwasha kwa kubonyeza kitufe mara mbili. Isipokuwepo, ongeza mzigo: mkanda wa kupasha lenzi wa USB kwenye tundu la pili huwa unatosha.

Ya pili ni volti. Stendi inataka 12, pawabanki inatoa 5. Zile za kuchaji haraka kwa tundu la USB-C hujadiliana na kifaa na kupanda hadi 9, 15 au 20. 12 haimo katika ngazi za lazima, na pawabanki nyingi hazinayo. Ukinunua kebo iliyoandikwa 12 kwa ajili ya pawabanki isiyo na 12, unaweza kupata 9, na darubini haitawaka. Soma maandishi madogo ya nyuma. Yakisema 15 ipo, angalia pia lebo ya stendi. Zipo zinazokubali hadi 15 au 16, na zipo zitakazoungua.

Ya tatu ni uongo wa namba. Milliampea-saa 20,000 za pawabanki zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani. Hizo ni wati-saa 74. Ukizipandisha hadi volti 12 na kutoa kinachopotea kwenye kubadilisha, unabaki na ampea-saa 5 hivi. Huo si utapeli, ni hesabu tu. Utapeli upo kwenye namba zenyewe. Seli ya silinda ya 18650, milimita 18 kwa 65, ikiwa nzuri ina milliampea-saa 3,500 hivi na gramu 45 hadi 50. Pawabanki ya 50,000 inahitaji seli kama 15, yaani gramu 700 bila kasha.

Nilinunua moja ya 50,000 kwenye duka la mjini, ikafa kabla ya saa mbili. Nikaenda nayo kwa mama anayeuza maharage jirani na kwetu.

“Shikamoo mama. Naomba nipime kitu kwenye mzani wako.”

“Marahaba baba, weka.” Mshale ukasimama kwenye gramu 280. Akanitazama. “Umenunua kwa kilo?”

Nilimweleza, akasema kwake mtu akipunjwa robo anarudi siku hiyo hiyo. Tangu hapo sinunui pawabanki bila kuipima uzito. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Betri ya lithiamu imekata ghafla na mita inasoma sifuri

Usishtuke wala usiifungue. Betri za lithiamu-chuma-fosfeti, zile zinazoandikwa LiFePO4 na ambazo sasa zinauzwa sana na watu wa sola, zina ubao wa ulinzi ndani. Ubao huo hukata kila kitu ukiona seli imeshuka mno, umeme unaovutwa umezidi, au waya zimegusana. Ukikata, mita inasoma sifuri au namba ya ajabu, nawe unadhani betri imekufa.

Jiulize imekata lini. Kama ni mwisho wa usiku, imeisha tu, ichaji. Kama ni pale ulipowasha inveta au kitu kikubwa, mzigo umezidi kiwango cha ubao. Ondoa kila kitu, subiri kidogo, mara nyingi inarudi yenyewe. Kama haikurudi, inahitaji chaja kuiamsha, na hapa kuna mtego: chaja nyingine zikiona sifuri zinakataa kuanza. Chaja ya lithiamu yenyewe, inayofika volti 14.4 hadi 14.6, kwa kawaida inaiamsha. Chaja ya betri za gari yenye hatua ya “kusafisha” mabamba usiitumie, kwa kuwa hatua hiyo hupandisha volti kupita kiasi ambacho seli hizi zinakubali.

Jambo jingine linalowachanganya waliotoka kwenye betri za risasi: lithiamu haikuambii imebaki ngapi kwa kupima volti. Inakaa kwenye 13.2, 13.1, 13.0 karibu usiku mzima, kisha inaporomoka dakika za mwisho. Weka kihesabu kidogo kinachojumlisha ampea zinazotoka. Bila hicho unakisia.

Gari haliwaki alfajiri

Usiku mmoja wa kipupwe tulikuwa watatu nje ya Bagamoyo, anga safi ajabu, kundi la nyota la Omega Centauri likionekana kwa macho matupu kama doa la pamba. Stendi, mikanda na kompyuta mpakato vyote vilitoka kwenye soketi ya gari, kuanzia saa mbili usiku hadi saa tisa. Ilikuwa kama wati 60, yaani ampea 5 kwa saa saba: ampea-saa 35 kutoka kwenye betri ya N50, ya gari yenye ampea-saa 50 hivi. Nilipogeuza ufunguo ulisikika mkwaruzo mmoja tu. Mzee aliyekuwa akienda shambani alfajiri alitukuta tumeegemea gari.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mmelala na taa?”

Alitusukuma pamoja na wajukuu zake wawili. Betri ile haikuwa tena na nguvu yake ya awali. Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi membamba kwa ajili ya kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiikausha mara chache tu inaharibika. Kwa hiyo hata betri ya gari iliyotolewa kwenye gari, pamoja na ya pikipiki, si chaguo la kazi hii. Waulize wauzaji betri ya sola, ambayo imekusudiwa kushuka polepole na kujazwa tena.

Haiwaki kabisa

Angalia fyuzi. Kisha pima plagi ya duara inayoingia kwenye stendi: mara nyingi katikati ni chanya na nje ni hasi, lakini soma mchoro kwenye lebo kabla hujaamini. Ukigeuza, kwenye stendi isiyo na kinga unaua ubao mara moja. Mimi hupaka rangi ya kucha nyekundu kwenye waya wa chanya, pande zote mbili. Na fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, ya ampea 5 kwa stendi pekee au 10 kwa mzigo wote. Betri ya volti 12 haikurushi kama umeme wa ukutani, lakini waya zake zikigusana zinaweza kuwaka moto ndani ya mkoba.

Picha zina mistari, au kamera inapoteza mawasiliano

Karibu kila mara ni inveta ya bei rahisi. Iondoe. Inveta inapandisha 12 hadi 230, kisha adapta inashusha 230 hadi 12 ile ile. Kila hatua inakula, na inveta ndogo yenyewe inakula wati kadhaa hata kama haijaunganishwa na kitu. Adapta ya kompyuta inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 inamaliza haja.

Sasa, betri gani

Ukishajua kosa haliko kwenye waya, chukua mita uandike kila kifaa kinavuta ampea ngapi. Zidisha kwa 12 upate wati, zidisha kwa saa za usiku wako. Kwangu: stendi wati 9, mikanda miwili 10, kamera 5. Jumla 24, kwa saa 6 ni wati-saa 144. Naongeza theluthi kwa ajili ya waya, uzee na usiku unaonoga: 190.

Lithiamu-chuma-fosfeti ya ampea-saa 20 ina wati-saa 256 na uzito wa kilo 2 na nusu hivi. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ya risasi, ukizingatia kutumia nusu tu, inabidi iwe ya ampea-saa 32 au zaidi, na utabeba kilo kumi. Bei ya leo ya lithiamu inauma, lakini inachajiwa maelfu ya mara, wakati ya risasi ikitumiwa hivi inahesabu mamia. Kama mfuko haujaruhusu, nunua ya risasi iliyo mpya kabisa, na uache kompyuta nyumbani. Kompyuta peke yake ni wati 35, yaani 210 kwa usiku, kuliko vingine vyote pamoja. Ukiihitaji kweli, jumla pamoja na theluthi inafika 470, na hapo ni lithiamu ya ampea-saa 40 au 50.

Umande nao upange mapema. Pwani mikanda inawaka kuanzia saa mbili usiku. Dodoma wakati wa kiangazi nimekaa usiku mzima bila kuiwasha, na betri ile ile ikanipa karibu usiku mbili.

Kama ndugu anakuletea kutoka Dubai kwa ndege, mipaka ni hii: pawabanki isiyozidi wati-saa 100 inaingia kwenye mkoba wa mkononi, kati ya 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika la ndege, na hakuna inayoruhusiwa kwenye mzigo wa chini. Ile ya wati-saa 256 hawezi kuibeba kama abiria. Inunue hapa hapa kwa watu wa sola.

Masika yakianza na mawingu yakifunga wiki kadhaa, betri ya risasi iache ikiwa imejaa na uirudishie chaji kila mwezi. Ya lithiamu iache ikiwa nusu, waya zote zimechomolewa, mahali penye kivuli, na uipime baada ya miezi mitatu.